Pumzi ya uwanjani na mzigo wa kambini: mwanamichezo wa Dodoma ajiandaeje kwa mafunzo ya kijeshi

Winga wa timu ya mtaani, Chang'ombe au Kizota, akimaliza dakika 90 huwa amekimbia kilomita 10 hivi. Anaporipoti kambini ana pumzi kuliko makruta wengi, na wiki ya kwanza mchakamchaka haumsumbui. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu ndipo kisigino kinachubuka, ugoko unauma na mabega yanakataa kitu kilichokaa juu yake kwa saa mbili. Pumzi bado anayo. Kilichomwishia ni vitu ambavyo mpira haukuwahi kumdai.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Dodoma au Singida anayecheza mchezo wowote na anatarajia kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), awe wa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita au wa kujitolea, na hata anayefikiria kuomba jeshini. Masharti ya umri, elimu na afya yasome kwenye tangazo la mwaka husika. Hapa ni mwili tu.

Tofauti iko kwenye siku ya pili

Mechi ina saa yake. Kocha anapunguza tizi siku mbili kabla, unakula mapema, unapasha misuli, unacheza, kesho yake unapumzika. Mwili wa mwanamichezo umefundishwa kutoa kila kitu katika muda unaojulikana, kisha kurudishiwa. Kambini siku inaanza alfajiri kwa mchakamchaka, inaendelea na kwata, usafi, jembe au matofali, na kesho inaanza upya bila mtu kuuliza kama mapaja yamepona. Hakuna zoezi moja hapo linalomshinda mchezaji mzuri. Kinachomshinda ni kulirudia akiwa na usingizi mfupi na miguu iliyochoka jana.

Pili, mchezaji hubeba uzito wake mwenyewe tu. Uingereza, sehemu ya kipimo cha askari wa miguu ni kutembea kilomita 4 na kilo 40 ndani ya dakika 50, kisha kilomita 2 na kilo 25 ndani ya dakika 15. Ile sehemu ya kwanza ni dakika 12 na nusu kwa kilomita, mwendo wa mtu anayewahi daladala bila hofu. Ugumu wote uko kwenye kilo 40. Marekani nao, kuanzia 1980, walipima askari kwa pushapu, kukunja tumbo na mbio za maili 2, yaani kilomita 3.2. Mwaka 2022 wakabadilisha, wakaongeza kunyanyua chuma kutoka chini, kuburuta kilo 40 na kubeba vyuma viwili vya kilo 18 kila kimoja. Mkimbiaji mwembamba alikuwa anapata alama nzuri kwenye kipimo cha zamani hata kama hawezi kumburuta mwenzake aliyejeruhiwa.

Hii haina maana kwamba mwanamichezo hafai jeshini. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida aliyeshinda marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ila siku ile mgongoni hakuwa na begi.

Kwa ufupi, kila mchezo unakuja na pengo lake. Mkimbiaji wa mbio ndefu anakosa mabega, mgongo na kiganja cha kushika. Mcheza mpira ana miguu yenye kasi lakini nyonga zimekakamaa, na juu ya kiuno hana kitu. Wa vyuma ananyanyua dumu kwa mkono mmoja, halafu kilomita ya tatu anatembea. Mcheza netiboli ana magoti yaliyozoea kutua, lakini ni nadra awe amekimbia dakika 30 mfululizo. Bondia ndiye anayekaribia zaidi, kwa kuwa ngumi zinadai pumzi, mabega na kuvumilia uchovu kwa pamoja. Kwake kazi kubwa ni miguu na mabuti.

Jipime mara mbili, usiku mmoja katikati

Usijipime siku moja. Tafuta uwanja wa mpira. Wenye mita 105 kwa 68 una mita 346 ukizunguka kingo zake, hivyo mizunguko 7 ni mita 2,422, karibu sawa na kilomita 2.4 inayotumika kupimia pumzi sehemu nyingi. Viwanja vingi vya shule ni vidogo kuliko hapo, kwa hiyo pima kwanza kwa kamba au hatua, la sivyo utajidanganya kwa nusu dakika nzima.

Kimbia, andika muda. Pumzika dakika 10. Piga pushapu hadi umbo livunjike: kifua kiguse chini, kiuno kisining'inie. Pumzika dakika 5. Kisha beba madumu mawili ya maji ya lita 20, moja kila mkono, mita 100 bila kuyaweka chini. Hiyo ni kilo 40 na uzito wa madumu yenyewe. Asiyefika hapo aanze na ya lita 10.

Nenda nyumbani, lala, amka saa 11 alfajiri na urudie yote kwa mpangilio uleule. Mvulana anayekimbia chini ya dakika 12, au msichana chini ya dakika 14, ana pa kuanzia. Lakini tazama zaidi namba za siku ya pili. Aliyekimbia dakika 10 jana na 12 leo ana mwili wa mechi. Aliyekimbia 11 jana na 11 na nusu leo yuko tayari zaidi kuliko huyo wa kwanza. Rudia kipimo hiki wiki ya 6 na ya 11 ya ratiba iliyo hapo chini.

Mzigo

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuanza na begi zito kwa sababu pumzi inaruhusu. Pumzi hujengeka kwa wiki chache. Mshipa wa kisigino na mfupa wa ugoko huhitaji muda mrefu zaidi. Mfupa unaozoeshwa kazi mpya kwanza huondoa sehemu zake za zamani, ndipo hujaza mpya, na katikati ya zoezi hilo huwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Kruta anayepata ufa kwenye ugoko wiki ya tatu au ya nne si mzembe. Ameongezewa kazi wakati mfupa wake uko kwenye matengenezo.

Begi liwe na mikanda mipana na kamba ya kifuani. La mtumba la wapanda milima linafaa kuliko begi jipya la shule. Uzito rahisi kupima ni chupa za maji: chupa ya lita 1.5 ni kilo 1.5. Ukiijaza mchanga mkavu inafika kilo 2.4 hivi. Maji yana faida moja kubwa, kwamba goti likianza kulalamika ukiwa mbali na nyumbani unamwaga na kurudi mwepesi. Vitu vizito vikae juu, karibu na mgongo, katikati ya mabega. Vikiwa chini begi linakuvuta nyuma, unainama, na kiuno kinalipa. Zungushia chupa kanga au sweta zisichezecheze, kwa maana mzigo unaoruka kila hatua huchuna ngozi ya mgongo ndani ya nusu saa.

Anza na asilimia 10 ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6 pamoja na begi. Tembea, usikimbie. Kukimbia hupiga mguu kwa mara mbili hadi tatu ya uzito wako wote, na begi linahesabika humo. Mwendo uwe dakika 10 hadi 11 kwa kilomita, hatua fupi za haraka badala ya ndefu, kifua wazi, macho mita 15 mbele. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, umezidisha.

Na sheria isiyovunjwa: wiki unayoongeza kilo usiongeze kilomita, na wiki unayoongeza kilomita usiguse kilo.

Ratiba ya wiki 12

Wiki ya 1 hadi ya 3, kimbia mara tatu: siku moja dakika 30 za taratibu, siku moja mizunguko ya kasi (mita 400 mara 5, pumziko la dakika 2), siku moja dakika 40 kwenye ardhi isiyo tambarare. Begi mara moja tu kwa wiki, kilomita 4, asilimia 10. Wiki ya 4 punguza kila kitu kwa nusu, hata kama unajisikia simba. Hiyo ndiyo wiki ya mfupa.

Wiki ya 5 ongeza umbali wa begi hadi kilomita 6. Wiki ya 6 na ya 7 baki na kilomita hizo, uzito upande hadi asilimia 15. Wiki ya 8 nusu tena. Wiki ya 9 kilomita 8, wiki ya 10 asilimia 20, wiki ya 11 usiongeze chochote. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 12, na kwa kijana ambaye bado hajaingia kambini zinatosha kabisa. Wanaotembea na kilo 25 barabara ya Hombolo ili wapigwe picha waache waendelee.

Kuanzia wiki ya 9 ndipo uanze kufundisha siku ya pili. Begi liwe Jumamosi asubuhi, na Jumapili saa 11 na nusu alfajiri mchakamchaka wa dakika 25 bila begi, ukiimba ikiwezekana. Kuimba huku unakimbia hulazimisha pumzi kutoka kwa mpangilio, na wachezaji wengi hushtuka jinsi kunavyowachosha. Kama bado unacheza ligi ya mtaa, mechi ihesabike kuwa siku ya kasi. Usiweke mizunguko ya mita 400 na mechi wiki moja.

Njia zipo. Vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma vina miinuko mirefu ya lami na ya udongo. Makorongo ya mchanga, yakiwa makavu, ni chuo cha vigimbi: kutembea juu ya mchanga laini hugharimu nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ardhi ngumu, hivyo dakika 20 humo ni nyingi, bila begi. Raba ziwe na soli nene. Mbigili za Dodoma hupita soli ya raba ya bei rahisi kama hakuna kitu.

Jambo la kisheria hapa: usifanye mazoezi ukiwa na kombati au nguo yoyote inayofanana na sare ya jeshi. Ni kosa kwa raia.

Nguvu

Mara mbili kwa wiki, dakika 35, baada ya siku za mbio nyepesi. Pushapu seti 4, kila seti uishie zikiwa zimebaki mbili tatu ambazo ungeweza kupiga. Kujivuta juu kwenye chuma au tawi la mwembe, seti 4. Usiyeweza hata moja, panda kwa kuruka na ushuke taratibu kwa sekunde 5. Madumu mawili mita 50 mara 4. Kuburuta gunia lenye kilo 40 za mchanga kinyumenyume mita 20 mara 4, mgongo umenyooka, kazi ifanywe na mapaja. Malizia kwa kusimama kwenye viwiko, mwili kama ubao, sekunde 45 mara 3.

Kichurachura, yaani kuruka kama chura ukiwa umechuchumaa, kiogope kidogo. Si kibaya, ila mtu ambaye hajakizoea akilazimishwa mamia kwa siku moja misuli ya paja huvunjika hadi sumu yake kuziba figo. Dalili yake ni mapaja kuvimba na kuwa magumu, na mkojo wa rangi ya soda nyeusi. Huo mkojo hausubiri kesho. Ni hospitali muda uleule. Kinga ni kukizoea polepole: vichura 10 mara 3 wiki ya 3, na kuongeza vitano kwa kila seti baada ya wiki mbili.

Miguu na mabuti

Buti likubane kisigino na kuacha nafasi ya kidole gumba cha mkono mbele ya vidole. Lipime jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi zote utakazovaa. Soksi mbili: ndani nyembamba ya nailoni, nje nene. Msuguano unatokea kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi. Soksi ya pamba peke yake hunyonya jasho, inalowa, inageuka msasa.

Buti jipya livae nyumbani saa moja kwa siku wiki nzima, kisha kwenda sokoni, kisha matembezi ya begi la asilimia 10. Usikimbie na mabuti kabla ya wiki ya 9, na hata hapo iwe dakika 10 kwenye udongo. Kamba zifungwe kwa mkazo kwenye kifundo na zilegee kidogo juu ya wayo. Ukibana juu ya wayo utapata maumivu yanayofanana kabisa na ya mfupa.

Ukihisi sehemu inapata moto, simama hapohapo. Dakika tatu za kubandika plasta pana zinaokoa siku tano. Lengelenge dogo liache. Kubwa linalouma litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, kamua maji, ngozi ibaki juu, funika. Anayeichuna ngozi ameshafungua kidonda.

Kwa ugoko, tumia kidole kimoja. Pitisha kando ya mfupa kutoka chini kwenda juu. Ukisikia maumivu yaliyotandaa urefu wa kiganja, yanayopungua ukipata joto, punguza mbio kwa nusu kwa siku 10 na ubaki na kutembea. Ukisikia nukta moja ya ukubwa wa sarafu, inayouma hata usiku au ukiruka kwa mguu mmoja, acha kukimbia na kubeba, nenda hospitali. Picha ya X-ray ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo picha safi si ruhusa ya kuendelea. Wasichana wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ufa huu, hasa aliyepunguza kula hadi hedhi ikakatika. Hedhi ikikosa kwa miezi mitatu, na si ujauzito, huenda tatizo ni chakula au kazi kuzidi, na mifupa inaweza kuwa tayari inaathirika.

Jua, maji na kusimama

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, haitoshi kusumbua pumzi. Kinachosumbua ni ukavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anadhani hajatoka jasho. Jipime uzito kabla na baada ya begi: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji. Asubuhi nusu lita kwa saa huwatosha wengi. Oktoba na Novemba, miezi ya joto kali, sogea hadi robo tatu ya lita au lita moja. Usizidi lita moja na nusu kwa saa. Anayebugia maji matupu kwa saa nyingi anapunguza chumvi ya damu, anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamwongeza maji wakidhani ni kiu. Kwenye matembezi ya zaidi ya saa mbili, lita moja iwe na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji.

Mwenzako akianza kuyumba na kuongea ovyo juani, usimkimbize garini kwanza. Mvue, mlaze kivulini, mwagie maji mwili mzima na umpepee, huku mwingine akitafuta usafiri. Kupoza kwanza, safari baadaye.

Kwata ina mtego wake: kusimama kimya. Damu inatuama miguuni, mtu anaanguka kama gogo. Usikaze magoti hadi mwisho. Chezesha vidole ndani ya buti, kaza na kulegeza vigimbi kila baada ya sekunde chache, hakuna atakayeona. Zoea kwa kusimama wima dakika 20 baada ya mbio, mara moja kwa wiki.

Pima hospitali mapema kujua kama una vinasaba vya seli mundu. Mwenye kinasaba kimoja huwa hajisikii mgonjwa na anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua, lakini mbio za nguvu zote kwenye mwinuko na joto, bila kuzoeshwa, zinaweza kumwangusha na hata kumuua. Aanze polepole, apumzike kati ya mbio moja na nyingine, na amwambie daktari wa kambi. Siku ya homa hakuna tizi kwa mtu yeyote, pima malaria.

Chakula hakihitaji makopo ya unga wa misuli. Ugali wa mtama au uwele, maharage au mayai, mlenda, karanga za Kongwa, maziwa, vinatosha ukivila vya kutosha. Jizoeshe kula haraka na kula kilichopo. Mwenye tumbo la kuchagua hushinda na njaa.

Ukibakiwa na wiki nne tu

Wengi wa kidato cha sita wanamaliza mitihani Mei na muda wa kuripoti unakuwa karibu. Usijaribu kubana wiki 12 ndani ya nne, maana utafika kambini mfupa ukiwa dhaifu kuliko ulipoanza. Chagua vitatu: mchakamchaka wa dakika 20 hadi 30 siku nne kwa wiki, mabuti kuzoea mguu, na kulala saa 3 usiku ili kuamka saa 10 na nusu kusiwe adhabu. Pushapu kidogo kila siku. Begi liwe kilo 5, mara moja kwa wiki, au liache kabisa. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi, kwa hiyo pasha misuli dakika 10 ukiwa na sweta kabla ya kuongeza kasi.

Siku tano za mwisho ni kutembea tu. Kata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka, si kwa duara, siku tatu kabla ya safari. Zikikatwa asubuhi ya kuondoka na ukajikata nyama, utaanza mafunzo na kidole kinachotunga usaha. Pakia soksi jozi sita, plasta pana, sindano, uzi, ORS chache, na raba ulizokwisha kuzikimbilia. Raba mpya ziache nyumbani.